Jarida la Kampala na Ukuta wa Bibi

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa juu ya kilima kimoja upande wa Rulenge, wilayani Ngara, na kila kiangazi, maharage yakisha kupurwa na kuwekwa ghalani, alikuwa na desturi ya kuusiriba upya ukuta wa chumba cha mbele kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na jivu na udongo wa kichuguu, kisha, ukuta ungali na unyevu, akaupitishia vidole vinne vya mkono wa kulia kutoka pembe hata pembe, mpaka ukajaa mistari iliyopinda kama maji ya mto yapigwayo na upepo. Mwaka mmoja, nikiwa na umri wa kuchunga mbuzi, nilimkuta ameanza mstari usiofuata desturi: uliteremka wima kutoka karibu na paa, ukavunjika mara tatu kama radi, ukakomea kwenye kizingiti cha mlango. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama kitambo, mikono imemganda samadi hadi vifundoni, akacheka peke yake. Halafu akaupangusa wote kwa kiganja na kurejea mawimbi yake ya kila mwaka. Nikamwuliza, "Bibi, mbona umeufuta?" Akanijibu pasipo kugeuka, "Nilikuwa najaribu tu, baba. Kalete maji."

Nililichukulia jibu lile kuwa la kawaida, kama ambavyo mtoto huyachukulia majibu yote ya bibi yake, na miaka mingi ikapita kabla sijatanabahi kwamba katika maneno yale kulikuwa na mas'ala mazima ya sanaa, na kwamba mambo mawili yaliyotendeka mbele yangu asubuhi ile, yaani kujaribu na kufuta, ndiyo yaliyonifanya baadaye nilipende jarida moja la zamani ambalo halikuchapishwa kwa lugha yetu wala halikuwa na habari za Ngara hata chembe.

Jarida lenyewe liliitwa Transition. Nilikutana nalo katika maktaba ya chuo, fungu la matoleo yaliyofungwa kwa kamba ya katani, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa na kutoa harufu ya kabati la mzee. Toleo la kwanza lilitoka Kampala mwezi wa Novemba mwaka 1961, mwezi mmoja kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa, na karibu mwaka mzima kabla Uganda nayo haijapata uhuru wake. Mwasisi na mhariri wake, Rajat Neogy, alikuwa mzaliwa wa Kampala wa ukoo wa Kihindi wenye asili ya Bengal, kijana aliyerejea punde kutoka masomoni London, na umri wake hata miaka 23 ulikuwa haujatimia. Jina alilolichagua lina maana ya mpito, hali ya mtu aliyekwisha kuondoka alikotoka na asiyefika bado aendako. Na aghalabu majina ya magazeti ya enzi ile yalikuwa ya kujigamba, mwanga huu na sauti ile, ilhali yeye alijichagulia jina la msafiri aliyesimama katikati ya njia, vumbi miguuni.

Kwa mtu wa kwetu, Kampala haikuwa ughaibuni. Kutoka Ngara au Biharamulo kwenda huko ni njia fupi kuliko kwenda Dar es Salaam, tena fupi kwa mbali. Na kabla Dar es Salaam haijawa na chuo kikuu, kijana wa Kagera aliyejaliwa akili na ada alipanda kaskazini kuelekea Makerere, mahali alikosomea Mwalimu Nyerere mwenyewe. Makerere ndiko Margaret Trowell alikoanza kufundisha sanaa mwaka 1937, na katika darasa lile wakapita Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili watu wa Kilimanjaro, na huyo wa pili ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa kule Nairobi, nyumba ya sanaa iliyowafungulia mlango wachoraji waliochoka kuchora twiga kwa ajili ya wageni. Basi jarida la Neogy liliota katika udongo uliokwisha kulimwa.

Nini kilikuwamo ndani yake? Mlikuwamo mashairi ya Christopher Okigbo wa Nigeria, yaliyotokea mwaka 1962, ya mtindo mgumu na mgeni kiasi kwamba msomaji alilazimika kuyasoma kama mtu atembeaye gizani katika nyumba asiyoijua, akipapasa ukuta. Mlikuwamo makala ya Ali Mazrui, Mswahili wa Mombasa, ya mwaka 1966, aliyomweka Kwame Nkrumah, miezi michache tu baada ya kupinduliwa, katika mizani moja na Lenin na wafalme wa Urusi. Na mwaka uliofuata Mazrui huyo huyo akaandika juu ya mahaba ya wasomi wa kigeni kwa Tanzania, mahaba aliyoyapa jina la mzaha ambalo limesalia hata leo. Mlikuwamo dhihaka ya Paul Theroux, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Makerere, aliyewafananisha wazungu waishio Afrika na Tarzan wa hadithi za msituni. Lakini sitaficha kwamba kilichonivuta kuliko yote hayo ni ukurasa wa barua. Huko watu waligombana kwa adabu na bila adabu. Makala moja iliweza kuzaa majibu, na majibu majibu yake, toleo hata toleo, mpaka mtu akasahau ni nani aliyekuwa wa kwanza kumchokoza mwenziwe. Mhariri hakumwamua mtu. Aliziacha barua zote zikae ubavu kwa ubavu, ya profesa na ya karani, ya mwenye haki na ya mwenye hasira tu, kana kwamba ukuta ule haukuwa wake yeye.

Hapa ndipo nilipomkumbuka bibi, na ndipo nilipoelewa tofauti. Bibi alijaribu akafuta, na laiti mjukuu wake asingepita mlangoni asubuhi ile, jaribio lile lingekuwa kama halikuwapo. Jarida la Kampala lilikuwa mahali ambapo mstari uliovunjika haukufutwa. Kazi iliyokamilika hujitunza yenyewe: ina mnunuzi na msifu, mwisho ina jumba la makumbusho. Jaribio halina mlezi. Sanaa ya majaribio, kwa hivyo, haihitaji jarida ili isifiwe, kwani sifa haiifai kitu. Hulihitaji ili isipotee kabla watu hawajapata nafasi ya kuikataa.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kunikatiza hapa na kuuliza: na lugha je? Swali hilo ni zito, na ajabu ni kwamba waliouliza kwa ukali kuliko wote waliuliza humo humo. Mwezi wa Juni mwaka 1962 wakakutanishwa Makerere waandishi wa Afrika waandikao kwa Kiingereza, vijana na watu wazima, na mkutano ule umetajwa tangu hapo kama ndio mwanzo wa fasihi ya bara zima; na mwezi ule ule Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vilikuwa vikisomwa kutoka Tanga mpaka Kongo, akafariki dunia bila ya kualikwa, kwa sababu sharti la kualikwa lilikuwa lugha, naye hakuwa akiandika kwa ile iliyotakiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, alikuja kuikumbusha dunia aibu ile miaka mingi baadaye. Lakini mapema zaidi, Septemba 1963, Obi Wali wa Nigeria aliandika katika Transition kwamba fasihi ya Kiafrika iandikwayo kwa lugha za Ulaya imeingia njia isiyotokea. Chinua Achebe akaja akakitetea Kiingereza katika jarida hilo hilo mwaka 1965. Jarida la Kiingereza, basi, lilichapa kwa Kiingereza hoja ya kwamba Kiingereza hakifai. Wapo wanaouona huo kuwa unafiki. Mimi nauona kuwa insafu, ingawa ni insafu ya mtu aliyekwisha kukaa kitini akimsikiliza aliyesimama nje ya dirisha.

Wala isidhaniwe kwamba washairi wa Kiswahili hawakuwa na ukurasa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa malenga wa bara na pwani uwanja wa kujibizana. Ila lilikuwa mali ya serikali ya mkoloni, na uwanja wenyewe ulikuwa wa vina na mizani. Jaribio kubwa la ushairi wetu lilikuja mwaka 1974, na lilitoka katika ziwa letu wenyewe: Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata arudhi, na ugomvi uliozuka magazetini na vyuoni kati ya wahafidhina na wanamapinduzi ulidumu miaka, hata baadhi ya watu wakamkana kabisa kuwa si mshairi. Leo husomwa shuleni. Ugomvi ule ulitufaa kuliko sifa zozote, na kama ungekuwa na jarida moja huru la kuubeba wote, barua kwa barua, kama ule wa Wali na Achebe, wanafunzi wetu wa leo wangeusoma kama tamthilia.

Nirudi Kampala, kwani kisa hakikuisha kwa furaha. Jarida halili upepo. Transition liliposhindwa kujilipia karatasi na wino lilipata msaada wa Baraza la Uhuru wa Utamaduni, lililokuwa na makao yake Paris, na baraza hilo, kama lilivyofichuliwa katika magazeti ya Marekani mwaka 1966 na 1967, lilikuwa likitiliwa fedha kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Neogy alisema hakuwa na habari, akakubali kuhojiwa juu ya jambo hilo, na mahojiano yakachapishwa katika jarida lake mwenyewe. Nimeyatafakari haya mara nyingi. Mtu anaweza kusema kwamba fedha ni fedha, na kwamba Okigbo hakuandika mshororo hata mmoja kwa amri ya jasusi. Na ni kweli. Lakini mfadhili wa siri ana madhara ambayo hayapimwi kwa alichoamuru. Humpa kila adui wa jarida neno la kusema, na neno hilo halifutiki. Na tangu siku ile, kila aliyetaka kulinyamazisha hakuwa na haja ya kujibu hoja zake, alitosheka kuuliza nani amelipa.

Mfadhili akalijeruhi, mtawala akaja kulimaliza. Katika toleo la 37 Neogy alichapa barua ya Abu Mayanja, mbunge, iliyoilaumu serikali ya Milton Obote kwa mambo ya katiba na kwa kuchelewa kuwateua majaji Waafrika. Ilikuwa barua tu, katika ukurasa ule ule wa barua niliousifu. Tarehe 18 Oktoba 1968 wote wawili wakakamatwa na kushitakiwa kwa uchochezi. Korti ikawaachia huru mwanzoni mwa mwaka 1969, nao kabla hawajavuta pumzi ya nje wakatiwa kizuizini tena kwa sheria ya hali ya hatari. Neogy akafunguliwa Machi mwaka ule, Mayanja akabaki ndani mpaka mwaka uliofuata. Mhariri aliyetoka gerezani hakuwa yule aliyeingia. Akauhama mji wa kuzaliwa kwake, jarida likafufuka Accra mwaka 1971, Wole Soyinka akalishika mwaka 1974 na kulipa jina la Ch'indaba, na mwaka 1976 likazimika. Lilirudi mwaka 1991 Marekani, chini ya Henry Louis Gates na Kwame Anthony Appiah, likaja kutulia Chuo Kikuu cha Harvard, nalo lipo, zuri, limenona, na bei yake ni ya watu wa huko. Neogy alifariki San Francisco mwaka 1995.

Mwaka ule wa 1961 una jambo jingine ambalo mtu wa Biharamulo hawezi kuliacha. Miaka 100 kamili kabla ya toleo la kwanza, katika miezi ya mwisho ya 1861, Waingereza Speke na Grant walipita katika nchi ya Usui, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Biharamulo ya leo, wakakamuliwa hongo na mtemi Suwarora hata wakapiga kelele vitabuni, kisha Novemba wakaingia Karagwe kwa Rumanyika, na Grant, aliyeshikwa na donda la mguu, akakaa huko miezi akichora. Mwaka 1876 Stanley naye alifika kwa Rumanyika, akaonyeshwa hazina ya mfalme. Sanaa ya Karagwe hiyo ina ng'ombe wa chuma: vinyago vidogo vya chuma kilichofuliwa, pembe zimerefushwa kupita kiasi, mwili umepunguzwa ukawa kama mstari. Ukiviangalia katika picha utadhani vimetoka katika karakana ya mchongaji wa Paris wa karne ya 20. Mhunzi yule alijaribu, na jaribio lake likafaulu. Stanley akaandika jina la mfalme, jina la mhunzi hakuliandika.  Fundi alikuwa sehemu ya mandhari.

Na ng'ambo ya mto Kagera, kwa mtu asimamaye Rusumo, mahali Ruvubu inapoingia na maji kuporomoka kwa kishindo, ni nchi ya kale ya Gisaka, leo ni mashariki ya Rwanda. Huko sanaa ya samadi imefika mbali kuliko mawimbi ya bibi. Huiita imigongo, neno ambalo Mswahili halihitaji mkalimani: ni migongo tu, kwa kuwa samadi iliyolainishwa kwa jivu hufinyangwa kwa vidole mpaka ikasimama matuta matuta juu ya ubao, ikakaushwa, ikasuguliwa, ndipo ikapakwa rangi nyeupe ya kaolini, nyekundu ya udongo na nyeusi, katika pembe na misharazi isiyofanana na mnyama wala mtu. Masimulizi yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyezianzisha nakshi hizo katika kuta za nyumba yake. Baada ya maangamizi ya 1994 wanawake wa Nyarubuye, mahali ambapo kanisa lilijaa maiti, waliungana wakaurudisha ufundi ule chini ya jina la Kakira, nao hivi leo unapamba hoteli na viwanja vya ndege. Nawapongeza kwa dhati. Hata hivyo nina tashwishi moja: kitu kikisha kuwa alama ya taifa, fundi hupewa oda ya kukirudia, wala hapewi nafasi ya kukivunja mara tatu kama radi.

Kwetu upande huu tulipokea watu, si nakshi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na Benaco, mahali pa mbuga na miti michache, pakawa mji mkubwa kuliko miji yote ya mkoa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Ngara Redio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini, ili ndugu waliopotezana watafutane kwa majina. Redio ile ingali inasikika, na ni kheri kubwa. Lakini sauti hupita. Katika kambi zile watu waliimba, walifinyanga, walisuka vikapu kwa nyuzi za magunia ya misaada wakichanganya rangi ambazo mama zao hawakuwa nazo, na hayo yalikuwa majaribio ya sanaa kama majaribio yoyote yaliyopata kuandikiwa makala ndefu za Kiingereza. Kambi zikafungwa, magunia yakaoza.

Simwombi mtu aanzishe jarida Ngara mjini kesho. Najua bei ya karatasi, na nimekwisha kusimulia bei ya mfadhili. Niliwahi, pamoja na vijana wawili, kutoa kijitabu cha kurasa 16 kwa mashine ya kurudufia ya kuazima, chenye shairi moja lisilo na vina, picha ya kikapu na barua ya mzee aliyelitukana shairi lile. Tukauza nakala chache, tukagawa nyingi, toleo la pili halikutoka. Barua ya mzee yule ndiyo iliyosomwa kuliko vyote, na bado watu wananiuliza kama nilipata kumjibu. Sikumjibu. Nasikitika, maana alikuwa na hoja.

Nyumba ya bibi iliangushwa na mvua mwaka aliofariki, na ukuta ule sina picha yake. Kwa hiyo nasaha yangu kwa msomaji wa Ngara na Biharamulo ni ndogo. Kama yuko mzee nyumbani kwenu anayesiriba, anayesuka au anayefua chuma kwa namna ambayo majirani huishangaa, ipige picha kazi yake kabla ya masika, uandike nyuma ya picha jina lake, kijiji na mwaka. Na kabla hujaondoka, mwulize kama kuna mstari aliowahi kuufuta, akuonyeshe kwa kidole ulipita wapi.